Usitikisike, Dada

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Dada yangu mkubwa aliponiambia kwamba mwenye duka la mbao mmoja wa mji wa mbali amemchumbia, nilikuwa natafuna, na hata sikungoja kumeza. "Umri huu? Huyo anatafuta mpishi." Nilitegemea acheke. Tumetaniana tangu utotoni, na tangu mama afariki tumeishi nyumba moja miaka kumi na tisa, mimi na yeye tu. Hakucheka. Alichukua sahani yake ikiwa na chakula nusu, akaenda kuiosha.

Tangu hapo akawa ananisemesha kwa kipimo. Maji yako bafuni. Shati lako limekauka. Wiki tatu nzima, jamani! Dawa yake naijua, hata mtoto wa chekechea anaijua: unasema nisamehe, yanaisha. Lakini kila nikifungua kinywa najikuta nauliza chumvi iko wapi. Ndipo likanijia wazo la kijinga: nitampiga picha. Picha ya maana, ya kutundikwa ukutani, aone kwamba namthamini, nami nisilazimike kusema neno.

Kamera nilipewa na mwenye studio ya picha, mlango wa pili kutoka kibanda changu. Yeye alishahamia kwenye za kisasa, hii ilikuwa inazuia mlango usijifunge. Nilipomtengenezea mkewe cherehani akasema niichukue, pamoja na filamu tatu za mwisho alizokuwa nazo. Ni kisanduku kizito chenye lenzi mbili: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Unakiweka tumboni, unainamisha kichwa, unamwona mtu kwenye kioo kilicholala kwa juu. Filamu yake ni pana, ina karatasi mgongoni, na ukipiga picha kumi na mbili imekwisha.

"Kumi na mbili," alinikazia. "Si kama simu yako hiyo."

Filamu ya kwanza niliimaliza barabarani, nikijaribu. Baiskeli, mabati, mwanamke anayefagia. Zote zikatoka tupu. Nilikuwa sijatoa kifuniko cha lenzi ya chini. Ya juu iko wazi, mimi naona dunia nzima, kamera haioni kitu. Mwenye studio alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Ya pili nilimvizia dada akikunja nguo zake, na hiyo niliiua kwa ufundi wangu mwenyewe. Niliipachika kama ninavyopachika bobini ya uzi kwenye cherehani. Miaka thelathini nafanya hivyo, vidole vinakwenda vyenyewe. Kumbe bobini na filamu hazizunguki upande mmoja! Karatasi ikatazama lenzi, filamu ikatazama nyuma. Namba za picha zinazotakiwa kuonekana kwenye kidirisha chekundu mgongoni mwa kamera sikuziona, nikajiambia ah, namba za nini, mimi si najua kuhesabu? Ikatoka na madoa meusi yaliyojipanga mstari, mwanga ulioingia kwa kidirisha kile, basi.

"Fundi," mwenye studio aliniambia, "ungemshonea tu gauni."

Ikabaki moja, na dada anaondoka kesho yake asubuhi kwenda kwa mumewe.

"Dada, kaa hapo dirishani. Nusu saa tu."

"Nina mizigo."

"Nusu saa."

Akafuta mikono, akakaa kwenye kigoda. Nami nikainamisha kichwa. Kwenye kile kioo kila kitu kimegeuzwa. Ukitaka mtu asogee kushoto, wewe unaenda kulia. Nikawa nayumba huku na huku kama ng'ombe aliyekata kamba.

"Umelewa?" akauliza.

Ulikuwa utani wake wa kwanza baada ya wiki tatu. Ningeinua kichwa hapohapo! Lakini nilikuwa nimekazia macho kifungo cha shingoni mwake, maana mwenye studio alinionya kwamba kamera hii haina huruma, ukikosea umbali kidogo tu mtu anageuka ukungu, kwa hiyo nitafute kitu kidogo chenye ukingo nikilenge hicho. Nikazungusha, nikarudisha, nikazungusha. Nikapiga ya kwanza.

Kwenye ya nne akasema, "Kama kuna kitu unataka kuniambia, niambie."

"Usitikisike, dada."

Kwenye ya tisa akasema, "Si karibu kule, ujue. Ni basi kutwa nzima."

"Kidevu juu kidogo."

Ya kumi na mbili ikaisha. Nikasema tayari. Akabaki amekaa kwa muda, kisha akaenda kufunga sanduku lake. Asubuhi nilimbebea mizigo mpaka kituoni, nikampa mkono, nikamwambia safari njema. Mkono! Dada yangu wa tumbo moja.

Siku nne zilizofuata sitaki hata kuzisimulia. Nilipika cha watu wawili kwa mazoea, nikala cha mmoja, kingine nikakila kesho yake nimesimama. Nikirudi kutoka kazini nabisha hodi kwenye nyumba ambayo ufunguo wake ninao mfukoni. Nilimkosa, nasema waziwazi, nilimkosa mpaka nikawa naongea na redio.

Siku ya tano mwenye studio akaniletea karatasi moja aliyochapia picha zote kumi na mbili, kila moja ukubwa uleule wa filamu. "Safari hii umepatia," akasema. Halafu akajifanya ana mteja, akaondoka.

Nikachukua kioo changu cha kukuzia, kile cha kukagulia sindano. Kifungo kilikuwa kikali kweli, hata uzi wake unauhesabu. Na uso wake pia. Mimi uso sikuwa nimeuona. Nusu saa nzima natazama kifungo! Na yeye hakuitazama lenzi hata mara moja. Alikuwa anatazama juu yake kidogo, pale ulipokuwa utosi wangu. Kwenye ya pili anatabasamu. Kwenye ya nne amefungua midomo, anangoja. Ya tisa macho yana maji. Ya mwisho hatazami tena popote, ametulia tu, kama nilivyomwomba. Nililia pale kibandani, mteja akaja akaniona, akarudi na cherehani yake.

Nikapiga simu.

"Picha zimetoka?" akauliza.

"Zimetoka. Dada, lile neno la mpishi. Nisamehe. Nilisema kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu."

Nikasikia vyombo, maji, watu wakicheka kwa mbali.

"Nilikaa pale kwenye kigoda nikilingoja hilo," akasema polepole. "Niko jikoni kwa watu sasa. Wananitazama. Unaniliza hapa, nitawaambia nini?"

"Waambie ni vitunguu."

"Tunachemsha chai, wewe mjinga." Akacheka, akavuta kamasi, na mimi nikaibana simu sikioni ili nisipitwe na kitu.

Nyuma yake sauti ya mtoto ikaita, "Mama!" Nilijua mwenye duka ana watoto alioachiwa na marehemu mkewe wa kwanza, sikuwa nimewafikiria hata siku moja. Dada yangu hajawahi kuzaa. Ikaita tena.

"Abee," akaitika dada, mara moja, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na akakata simu.