Kidole cha Wifi

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Manyunyu yaliyoanza alfajiri yalikuwa hayajakatika, na yalikuwa yameloanisha hata bango jipya mbele ya ofisi ya serikali ya mkoa: "Mkakati wa Huduma za Kidijitali: Kila Mchapakazi Atambuliwe, Uchumi Ukue."

Dobi alilisoma mara mbili, akafurahi. Miaka ishirini na sita alikuwa akifua mashuka ya hospitali kwa mikono yake miwili. Leseni yake ilikuwa inaisha siku hiyo, na hospitali ilikuwa imemwambia waziwazi: bila leseni mpya, kuanzia kesho mashuka yanakwenda kwa mwingine. Alikuja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, amshikie mwavuli. Wifi huyo alikuwa na mgongo uliouma kila alipoona beseni.

Ndani, kijana mwenye tai, ambaye wote walimwita Mtaalamu, alimsogezea mashine ya alama za vidole.

"Weka kidole gumba, mama."

Akaweka. Taa nyekundu.

"Futa mkono kwanza."

"Mwanangu, mkono huu umo kwenye sabuni tangu saa kumi na moja alfajiri. Unataka usafi gani tena?"

Wakajaribu vidole vyote kumi. Nyekundu tupu. Mtaalamu akakishika kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Sabuni na magadi vilikuwa vimefuta kila mstari.

"Mfumo unasema hayupo."

"Nani hayupo?"

"Wewe, mama."

"Haya, uulize basi, huyu anayekusumbua hapa ni nani!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtaalamu akajificha nyuma ya kitabu cha mwongozo wa mashine. "Hapa wanasema upumzishe mikono siku arobaini, kisha urudi."

"Siku arobaini! Wagonjwa watatandikiwa mwongozo wako?"

Wifi, kwa udadisi tu, akagusa mashine. Taa ya kijani ikawaka papo hapo. Mashine ilikuwa haijapata kuona kidole kizima namna ile.

Mtaalamu akashusha pumzi. "Basi leseni itoke kwa jina lake. Yeye mmiliki, wewe mfanyakazi wake. Utaratibu unaruhusu."

Dobi akafumba macho na kuomba kimya: Bwana, nipe subira, uushike na ulimi wangu. Alipoyafumbua, wifi yake alikuwa ameshaanza kusimama kama bosi.

"Pa kuandika kwamba kazi ni yangu pako wapi?"

"Mfumo hauna nafasi hiyo, mama."

"Basi aseme kwa mdomo wake. Watu wote hawa wasikie."

Wifi akainua mkono. "Kazi ni ya wifi yangu, na jasho lake ni lake. Siku mashine ikimkubali, leseni namrudishia."

"Na utanisaidia kufua," Dobi akadakia.

"Hapana!" Mtaalamu aliruka kitini. "Akifua, na kidole chake kitafutika. Mwakani tutamhakiki kwa kitu gani? Mmiliki asiguse sabuni kabisa!"

Wifi akainua mkono juu zaidi. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwa uthabiti kama ule.

"Mbele yenu nyote, na mbele za Mungu, naahidi: maadamu leseni hii ni hai, sabuni sitaigusa."