Matundu Yasiyo na Pete

Nianze na bunduki, maana katika habari hii yote ndiyo pekee isiyo na kosa.

Ni bunduki ya kuwinda ya bei nafuu. Kitako chake ni plastiki nyeusi, ukikigonga kinalia kama ndoo tupu. Komeo lake, ile sehemu unayoivuta nyuma kwa mkono na kuisukuma mbele kila unapotia risasi nyingine, linakwaruza kidogo mpaka lizoee. Watu wakiiona dukani wanakunja pua na kusema rahisi ni ghali. Mimi nimezifungua bunduki hizi kwa miaka kumi na saba, na nawaambia hao wanaolilia vitako vya mbao ya kung'aa kwamba wanapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kinachopiga ni mtutu, na mtutu wa bunduki hii ni mzuri. Inachokosa ni mtu wa kumalizia kazi. Kiwandani wanazifunga harakaharaka, skrubu zinazoshika darubini ya kulengea zinakazwa nusunusu, na pengine plastiki ya kitako inagusa mtutu mahali isipotakiwa. Mpe fundi dakika ishirini na bisibisi nzuri, halafu iweke kando ya bunduki ya bei mara nne. Mnyama hataona tofauti.

Hizo dakika ishirini zilikuwa kazi yangu.

Duka ni la watu wawili, mimi na shemeji yangu, mume wa dada. Yeye anakaa mbele na wateja kwa sababu ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mimi nakaa nyuma karakanani na jiliwa langu la kubania vyuma na makopo ya mafuta. Dada hunitania kwamba siku nikitabasamu wateja watadhani nimeugua. Tulikuwa na utaratibu mmoja, nao ni wangu: hakuna bunduki inayotoka bila karatasi yake. Nikishaikaza naipeleka uwanja wa shabaha, naweka karatasi umbali wa mita mia moja, napiga risasi tatu. Tundu la kwanza naliandikia "1" kwa penseli, kwa kuwa limepigwa mtutu ukiwa wa baridi, na mnyama hasubiri mtutu upate moto. Naandika namba ya bunduki, natia saini, nakunja, naiweka kwenye mfuko wa begi lake. Watu walikuja wakiniulizia. Hawakutaja hata jina la bunduki, walisema tu, "Nipe ile yenye karatasi ya Fundi."

Kaka yangu mkubwa naye alisema hivyohivyo. Ana shamba la mahindi linalopakana na msitu, na nguruwe pori walikuwa wamelifanya jiko lao. Bunduki yake ya zamani ilikuwa imechoka. Alikuja dukani mimi sipo, akauziwa na shemeji.

Wiki tatu baadaye nilimkuta wodini, mguu wa kulia umefungwa kuanzia nyonga hadi chini ya goti. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba atatembea, ila goti halitakunjika tena. Nilivuta stuli nikakaa.

"Nguruwe alikuwa amesimama," kaka alisema, hata salamu hatujamaliza. "Hatua themanini hivi, ubavu wazi. Nikaweka alama begani, nikashusha pumzi. Risasi ikaenda tumboni."

"Labda alisogea."

"Hakusogea. Akaingia kwenye majani. Huwezi kumwacha mnyama na risasi tumboni, unajua. Nikamfuata. Akanitokea ubavuni kabla hata sijarudisha komeo."

Nikamuuliza swali la kifundi, swali ambalo ningemuuliza mteja yeyote. "Ulipoinunua, hukuipiga kwanza kujaribu?"

Kaka alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama alipima maji kabla ya kunywa nyumbani kwa mama yake.

"Nijaribu nini?" akasema. "Ilikuwa na karatasi yako."

Nilikuwa nakumbuka jicho langu.

Mwezi mmoja kabla, nilifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, lile la kulengea. Nilikaa nyumbani karibu wiki nne nimefungwa bandeji, nimekatazwa kuinama, kubeba na kupiga bunduki. Shemeji alikuja kunijulia hali na mfuko wa machungwa. Alimenya moja akanipa vipande mkononi, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa wa kweli. Kisha akatoa bulungutu la karatasi za shabaha, mpya, tupu.

"Wateja wanataka saini yako, shemeji. Wewe pumzisha jicho. Mimi nitazikaza bunduki na kuzipiga mwenyewe, si ulinifundisha? Weka saini tu hapa chini."

Nilikuwa nimemfundisha kweli, na si mpigaji mbaya. Alikuwa mume wa dada yangu, tumekula sahani moja miaka kumi na saba. Nikatia saini karatasi thelathini juu ya goti langu, kwa jicho moja, huku tukicheka kwamba saini zangu za jicho moja ni nzuri kuliko za macho mawili. Nasema haya waziwazi kwa sababu hakuna aliyenishika mkono.

Jirani wa kaka alikuwa ameileta bunduki karakanani asubuhi ile. Nilipotoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kuitoa kwenye begi. Niliweka kidole gumba kwenye darubini nikasukuma kidogo. Ilicheza. Skrubu zote nne zilikuwa vilevile zilivyotoka kiwandani. Hakuna bisibisi iliyozigusa.

Nikatoa karatasi mfukoni mwa begi. Matundu matatu, yamekaribiana kiasi cha kufunikwa na kizibo cha soda. Bunduki yenye darubini inayocheza hivyo haiwezi kupiga vile hata ikiombewa. Nikaisogeza karibu na taa.

Risasi inapotoka kwenye mtutu inabeba uchafu, moshi na mafuta kidogo. Inapotoboa karatasi inajifuta pale, na kuzunguka tundu inabaki pete nyembamba ya kijivu. Kila karatasi niliyowahi kupiga ina pete hizo. Karatasi ya kaka haikuwa nazo. Matundu yake yalikuwa meupe, masafi. Tundu la namna hiyo linatokea kwa njia moja tu, karatasi ikiwa imepangwa nyuma ya karatasi nyingine. Ya mbele inachukua uchafu wote, na za nyuma zinapata tundu peke yake.

Basi ya mbele ilikuwa wapi? Sikutafuta sana. Kwenye kabati la kioo, mbele ya duka, kuna bunduki moja ya mbao, ya kifahari, inayotumia risasi za kipimo kilekile. Kando yake kulikuwa kumebandikwa karatasi ya shabaha ambayo sikuikumbuka. Niliibandua, nikaiweka juu ya karatasi ya kaka, pembe kwa pembe, nikaziinua dirishani. Mwanga ulipita kwenye matundu yote matatu. Ya juu ilikuwa na pete tatu za kijivu.

Shemeji alikuwa nyuma ya kaunta anafuta kioo cha darubini. Aliniona, akaona karatasi, akaendelea kufuta.

"Ulipanga ngapi?" nikamuuliza.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Ulipanga karatasi ngapi nyuma ya hii?"

"Zote," akasema. "Ulitaka nifanyeje? Thelathini, moja moja, mtu mmoja, na duka nani alinde? Bunduki zile zote ni mama mmoja baba mmoja. Mashine inazitengeneza. Ukipima moja umepima zote."

"Hata hiyo moja hukuipima. Ulipiga na ya mbao."

Hapo aliacha kufuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile anayotumia na wateja wanaositasita. "Mteja wa bunduki rahisi anapiga makopo na kunguru. Hajui tofauti. Anachotaka ni moyo wake utulie."

"Huyu alikuwa kaka yangu. Shemeji yako."

"Nilijua atakwenda kuijaribu. Kila mtu mwenye akili anajaribu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiutumia msemo huo kwa mambo ya watu wengine. Nilimwambia atoe majina ya wote walionunua tangu siku ile, ili tuwaite warudishe bunduki. Akatikisa kichwa.

"Fikiri," akasema. "Ukipiga simu hizo unasema nini? Mimi sina saini hata moja pale. Karatasi zote zinasema wewe ndiye uliyepiga. Mtu akiuliza, ataulizwa nani?" Akaweka darubini chini taratibu. "Dada yako asijue. Tutalimaliza kifamilia."

Nilikuwa na bunduki ya kaka begani, haina risasi, nashukuru haikuwa nayo. Sikumpiga. Nilitaka sana kumpiga. Nilivuta daftari la mauzo kutoka chini ya kaunta, nikakaa kwenye kiti chake, nikaanza kupiga simu. Walikuwa kumi na nne. Kila mmoja nilimwambia maneno yaleyale: karatasi uliyo nayo ni ya uongo, saini ni yangu, usiitumie bunduki, ilete. Mmoja alinitukana mpaka simu ikakatika. Wa kumi na tano nilimpigia dada. Alinisikiliza, akauliza swali moja tu, kama kaka ataweza kupanda ngazi za nyumba yake. Nikamwambia kwa shida. Akakata.

Kesho yake asubuhi nilikaza skrubu nne za bunduki ya kaka. Nilichonga plastiki kidogo ilipokuwa inagusa mtutu. Ilinichukua dakika kumi na nane, nilitazama saa makusudi. Nikaenda uwanjani, nikaweka karatasi mpya mita mia, moja tu, haina kitu mbele wala nyuma. Nikairekebisha darubini, nikaacha mtutu upoe kabisa, kisha nikapiga tatu. Zilikaa pamoja, ndani ya duara la kizibo cha soda, sawa na zile za bunduki ya mbao, na tundu la kwanza lilikuwa katikati kabisa. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia. Bunduki ile ingemwangusha nguruwe pale pale alipokuwa amesimama.

Niliipeleka karatasi wodini siku hiyohiyo. Kaka alikuwa ameegemezwa mito. Nilimweleza yote, jicho, machungwa, thelathini, kabati la kioo, sikujificha popote. Nilimwonyesha karatasi zote mbili na nikamfundisha kuzitazama: hii ina pete, hii haina. Alizishika moja moja, akaziinua dirishani, akazitazama kwa makini ya mtu ambaye hana kazi nyingine.

"Kwa hiyo bunduki ni nzima," akasema.

"Ni nzima. Ilikuwa nzima tangu mwanzo."

"Na hii mpya umeipiga wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe. Leo asubuhi."

Akaweka kidole chini ya karatasi mpya. "Hii ni saini yako."

"Ndiyo, kaka."

Akaweka kidole chini ya ile ya zamani. "Na hii?"

"Ni yangu pia."

Alizitazama saini mbili zile kwa muda mrefu. Zilifanana kila mkato. Kisha alizikunja pamoja, akanirudishia zote mbili, akasema bila hasira, "Basi mguu ukipona, nitaijaribu mwenyewe."