Idi Kando ya Lori

Hajira alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Kiuno kilimuuma tangu waondoke Dongobesh alfajiri, koo lilikauka kwa saumu, na mumewe Tawakali, mzee mzima, bado alikuwa anaimba kwenye usukani.

Lori lilikuwa limechoka kuwazidi wote wawili. Tawakali aliliendesha ujana wake wote, akimbebea tajiri wake ngozi na mahindi, na siku ya kustaafu tajiri akamwambia abaki nalo. Basi akalifanya nyumba: akaezeka bodi kwa mabati, akaweka kitanda cha kamba, pazia la kaniki na jiko la mkaa. "Umekaa nyumbani miaka yote, mama Chiku," alimwambia mkewe. "Sasa nyumba itatembea na wewe." Watu wa Dongobesh walicheka mpaka wakashika mbavu.

Hajira hakuhitaji kutembezwa. Alichokitaka kilikuwa kidogo, na alikitaka tangu alipoolewa: kula Idi na mumewe, wameketi. Kila Idi Tawakali alikuwa njiani. Akibahatika kupita Dongobesh, aliliacha lori likinguruma mlangoni, maana likizimwa, kuliwasha ni kuzungusha hendeli kwa mkono mpaka jasho. Alipokea sahani ya pilau, akala amesimama, huyo akaondoka. Moshi ulibaki uani na Hajira akabaki na sahani. Mwaka huu mwanamume hana tajiri wala mzigo, na binti yao Chiku, aliyeolewa Katesh, anawasubiri. Mwaka huu ikishindikana, Hajira alijiambia, basi sitaki tena.

Jana jioni watu wa Dongobesh walitoka kuutafuta mwezi, wakaambulia ukungu. Ukungu wa Mei kule juu hauna huruma. Wakakubaliana kufunga na leo kukamilisha thelathini, Idi iwe kesho. Tawakali akafurahi kwamba wana siku nzima ya kuteremka. Hata saumu alifunga, yeye ambaye Ramadhani zote alikula kwa ruhusa ya msafiri na kusema atalipa baadaye.

Alasiri walikuwa wameshapita Basotu, katika barabara aliyoichongesha Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kabla ya vita. Huku chini mbingu ilikuwa safi. Mlima Hanang ulionekana wote mpaka kileleni, na Hajira alipoona hakuna hata kipande cha wingu, moyo ukamshtuka.

Mbele ng'ombe walikuwa wameziba njia. Tawakali akasimama, injini ikinguruma. Mwenye ng'ombe alikuwa Gidabuday, Mbarbaig waliyejuana naye kwa miaka mingi ya kupishana barabarani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, Gidabuday."

"Nyumba yenu hii inahama, hata punda wa kubeba haitaki." Akacheka, kisha akawatazama vizuri. "Lakini mbona mko njiani? Wenzenu wa Katesh wanakula sikukuu leo. Mwezi tuliuona jana, sisi wote. Asubuhi wamesali uwanjani. Dume walilochinja ni langu."

Hajira akaweka mkono kifuani. Siku ya Idi kufunga ni haramu, nao walikuwa wameifunga tangu alfajiri, tena kwa bidii, kiuno kinauma. Alitaka kucheka, machozi yakawahi.

Tawakali akakamata gia. "Kunywa maji, mama Chiku, fungua hapo hapo. Gidabuday, niondolee ng'ombe! Nikikaza tunaingia Katesh kabla ya magharibi. Chiku atakuwa ametuwekea."

"Tutakuta sufuria zinasuguliwa."

"Tutawahi!"

"Baba Chiku." Hajira hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu hiyo. "Idi ni leo, na leo ndiyo hii inakwisha. Sitaki kuila huku narushwarushwa. Zima gari."

"Nikilizima haliwaki. Bega langu haliwezi hendeli tena, unajua."

"Najua."

Tawakali alimtazama. Mkono wake ulikaa kwenye gia kitambo kirefu, na Hajira akajua kwamba akiondoa lori sasa hatamwomba kitu kingine maishani. Kisha Tawakali akazima.

Kimya kilikuwa kikubwa mno. Gidabuday alisema kesho ataleta ndugu zake walisukume, akawaachia kibuyu cha maziwa, akaswaga ng'ombe wake. Hajira akashuka akijishikilia mlangoni. Akatandika mkeka kando ya gurudumu, akatoa viazi vitamu vilivyobaki kwenye daku, akajifunga kanga mpya aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kesho.

Tawakali naye akavaa kanzu yake, akaja, akapokea kikombe cha maziwa. Akanywa amesimama, macho barabarani, mguu mmoja umetangulia. Hakujua hata kama anafanya hivyo.

"Kaa, Tawakali," Hajira akasema. Hakuwa amemwita kwa jina tangu Chiku azaliwe.

Tawakali akajitazama miguu. Kisha akakaa, magoti yakalia. Akamega kiazi, akampa mkewe kipande kikubwa.

"Kumbe ndivyo inavyoliwa," akasema.

Hajira alikuwa anakula, na hakuwa na haraka.