Sikukuu ya Mwisho Kuritani

Jumamosi asubuhi Gethin aliwakuta wazee wameshaanza kufyeka njia ya hekaluni. Yeye alikuwa mtu wa Wales, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya Kuritani, kijiji cha milimani huko Japani, na tangu afike hakuwahi kukosa kazi ya kijiji, iwe kuzibua mifereji ya mpunga au kubeba kijumba cha mungu siku ya sikukuu ya mavuno.

"Mwalimu analala mpaka jua linamwonea aibu," alisema Mzee Tokuji, mwenyekiti wa kijiji.

"Nilidhani bado mnatafuta meno yenu, mzee."

Wakacheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Kesho yake ndiyo ilikuwa sikukuu. Kijumba kile cha mbao nyeusi na paa la shaba kilitaka wanaume ishirini, nao hawakufika hata kumi. Ukimtoa Gethin, wote walikuwa wameshastaafu.

"Ryohei anakuja," alisema Tokuji. Ryohei alikuwa mwanawe, aliyeishi jijini Osaka. "Ameniahidi. Anakuja na wenzake wa kazini."

Bibi Fusae, aliyekuwa akigawa matonge ya wali, alimtupia Gethin jicho, kisha akaendelea kugawa.

Jumapili walivaa kanzu fupi za buluu, wakangoja juu hekaluni. Tokuji hakubandua macho barabarani. Simu yake ilipolia aliisikiliza kwa muda.

"Ee. Ee. Usijali, mwanangu. Kazi ni kazi."

Akairudisha mfukoni. "Haya, tubebe."

"Mzee, tukiweke kwenye pikapu," alisema Gethin kwa upole. "Kijiji cha bondeni siku hizi wanafanya hivyo."

"Mungu si gunia la mchele."

Wakaingiza mabega chini ya miti ya kukibebea, wakainua. Uani walikwenda vizuri, hata Bibi Fusae akapiga makofi. Walipoanza kushuka ngazi za mawe, goti la Tokuji lilikubali kushindwa. Uzito wote ukamwegemea Gethin. Aliuma meno, akasukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo, nazo hazikutosha. Kijumba kikalala ubavu, kikabiringika, na paa likapasuka kwenye jiwe.

Gethin alimkimbilia mzee. "Umeumia?"

"Afadhali ningeumia mimi." Tokuji alikuwa ameketi kwenye ngazi, kiganja juu ya ubao uliovunjika, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyefia zizini.

Walikifunika kwa turubai, wakashuka hadi ukumbi wa kijiji. Bibi Fusae alikuwa amepika wali wa maharage mekundu na kuchoma samaki, chakula cha wageni ambao hawakuja. Hakuna aliyeshika vijiti vya kulia.

"Nitauliza mara moja," alisema Tokuji. "Anayetaka sikukuu iendelee mwakani, anyooshe mkono."

Gethin akanyoosha. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Mkono ulikuwa wake peke yake. Wale wazee walikuwa wakitazama mikeka.

"Shusha mkono, Mwalimu," alisema Tokuji bila ukali. "Machi shule inafungwa kabisa. Wewe unaondoka."

"Naweza kurudi kila mwaka, mzee."

"Ryohei naye husema hivyo."

Gethin akashusha mkono. Alikipenda kijiji hiki kuliko alikozaliwa, na hata bega lake asingeweza kukiachia.

"Sasa nani atapanda kumwambia?" aliuliza Tokuji.

"Kumwambia nani?"

"Mwenyewe. Mungu. Kwamba hatutambeba tena."

Tokuji akainuka, akatoka akichechemea. Gethin alimfuata hadi chini ya ngazi, akamnyooshea mkono aushike, lakini mzee akauondoa taratibu.

"Hili ni langu, mwanangu. Mimi ndiye mwenyekiti."

Akapanda, akishika ukuta wa mawe. Gethin alibaki chini. Alisikia makofi mawili ya sala, kisha sauti ya mzee ikisema maneno ambayo Gethin hakuyapata vizuri, ikisita, ikianza upya, kama mtu anayeomba radhi na hajui aanzie wapi.