Ukimya wa Alton

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Vernell Tolliver alipiga pasi mashati matano ya zambarau ya bendi ya Taa Tano. Kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo. Wanamuziki walikuwa wamebaki wanne tangu Februari, gari lilipoteleza darajani na kumuua kaka yake, Alton, mwimbaji wao. Mashati yalibaki matano.

Alikuwa kwenye mkono wa shati la tano redio ya jirani ilipopaza sauti.

Alton alikuwa anaimba.

Vernell aliganda, pasi hewani. Wimbo ule waliurekodi Januari, nyuma ya duka la samani, na Alton aliongoza kama walivyozoea kanisani: anatoa mstari, ananyamaza, waumini wanaitikia. Alisahau kwamba mle chumbani hapakuwa na waumini. Kwenye santuri pakabaki ukimya baada ya kila mstari. Fundi mitambo alitaka kuukata.

"Uache," Alton alimwambia. "Watu wataitikia."

Wakaitikia kweli. Majikoni, kwa vinyozi, ndani ya magari, kutoka mji wa Selma mpaka mji wa Mobile, na wimbo ukazidi kupanda chati. Hata sasa Bi Eula wa jirani alikuwa anaitikia huku akiosha vyombo. Ni Vernell tu ambaye hakuwahi kuitikia. Kila ukimya ulipofika, alihisi kaka yake amesimama nyuma ya shingo yake, anasubiri.

Mlango wa wavu ukagongwa. Hosea, mpiga besi na kiongozi wa bendi, akaingia, kofia mkononi.

"Dada Vernell, ukizidi kuzikaza hizo kola zitatuchinja jukwaani."

"Mkichinjwa labda mtaimba vizuri. Keti, kuna chai baridi."

Hakuketi. "Tumeitwa Atlanta. Memphis pia. Kumbi kubwa, dada, si vile vibanda vyetu vya dansi. Na kuna kijana wa Montgomery, sauti yake inakaribia ya Alton. Nimekuja kuchukua mashati. Yote."

"Chukua haya manne."

"Na hilo?"

"Halitamtosha."

"Hata hujamwona!"

Vernell akairudisha pasi kwenye shati la tano. Alikumbuka ile siku ya Januari, alivyosimama mlangoni pa duka la samani akiwa amekumbatia mashati haya haya. Kila mstari wa Alton aliujua. Aliomba, kimoyomoyo, sauti ya kaka yake ikwame siku moja tu. Siku moja, bendi imgeukie yeye. Mwezi uliofuata sauti ikanyamaza moja kwa moja.

"Dada, unaunguza!"

Akainua pasi. Alama ya kahawia ilikuwa imebaki karibu na kifungo cha mkono.

"Alton hayupo," Hosea alisema taratibu. "Hata ukimwekea shati miaka kumi."

Kwenye redio Alton alitoa mstari wake wa mwisho, akanyamaza. Vernell akafumba macho, akafungua kinywa, akaitikia. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. Kwa jirani, sahani zikaacha kugongana. Kofia ya Hosea ikamponyoka.

Vernell alilishika shati kwa mikono miwili, likiwa bado la moto.

"Sikumwekea Alton," alisema. "Nilijiwekea mimi. Nataka kuimba, Hosea. Nilitaka hata alipokuwa hai."