Jina Lililotangulia Mtoto

Siku alipoolewa hapo Teyateyaneng, mama mkwe alimfunika blanketi jipya mabegani, akamwambia kwamba kuanzia leo yeye si Ntsoaki tena, ni Makhotso, yaani mama yake Khotso. Ndivyo Wasotho tulivyo. Bibi harusi hupewa jina la mtoto hata kabla hajajua chumvi inakaa wapi jikoni, na mtoto akija analikuta jina lake limeshazoeleka mtaani. Khotso lilikuwa jina la marehemu baba mkwe, na mtoto wa kwanza wa kiume wa Lefa, mumewe, ndiye aliyetakiwa kulibeba. Jina zuri, hakuna ubishi. Tatizo ni kwamba lilifika peke yake.

Miaka tisa watu wakamwita hivyo. Muuza mboga, mchungaji, wenzake kwenye karakana ya kufuma mazulia ya sufu, wote ni Makhotso, Makhotso, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwanzoni aliitika kwa furaha. Siku hizi aliitika kwa sababu mtu akiitwa lazima aitike.

Mwaka huo yeye na Lefa wakaamua kuvuka mpaka kwenda Bloemfontein, kwenye kliniki ya watu wanaotafuta mtoto. Hawakumwambia mtu. Lefa, dereva wa lori la unga ambaye akiona damu hukaa chini, alijifunza kumchoma mkewe sindano ya tumbo kila jioni, uso kaukunja utadhani anayechomwa ni yeye. Dawa ilikaa kwenye friji, nyuma ya ndoo ya uji mchachu. Wageni wakija, Lefa ndiye aliyekimbilia kuwatolea vinywaji ili wasiifungue wenyewe, na watu wakamsifu kwamba kumbe anajua kukaribisha. Mayai yakavunwa, yakakutanishwa na mbegu za Lefa huko maabara, na katika yote likapona moja tu. Likarudishwa tumboni. Daktari akawaambia waende nyumbani wakasubiri wiki mbili, kisha apimwe damu.

Wiki hiyohiyo mke wa Tefo, mdogo wake Lefa, akajifungua mtoto wa kiume.

Makhotso alifurahi na akaumia, vyote kwa pamoja, na asiyeijua hali hiyo amshukuru Mungu. Hakujua kwamba jambo lenyewe lilikuwa bado linakuja. Baba mdogo Mokete, aliyeshika nafasi ya marehemu katika mambo ya ukoo, alikuwa ameanza kulalamika kwamba jina la kaka yake limekaa muda wote huo bila mtu wa kulivaa, kwamba marehemu anamjia ndotoni, na kwamba sasa mjukuu wa kiume amepatikana. Apewe jina la Khotso, mambo yaishe.

Mama mkwe, Malefa, alikuja mwenyewe kumpa habari hizo. Alikaa jikoni akamaliza chai yote kwanza, ndipo akasema, kisha akauliza mkwewe anaonaje. Makhotso alitaka kujibu kwamba ni sawa tu. Mdomo ukakataa. Akamweleza yote: Bloemfontein, sindano, lile yai moja. Malefa alisikiliza huku akilitazama tumbo la mkwewe kwa adabu, kama mtu aliyesikia kuna mgeni chumba cha pili.

"Mwanangu, mbona mmebeba peke yenu?"

"Lefa hakutaka watu waseme mtoto wa chupa."

"Wee! Hata mimi niliyempata Lefa kitandani sikuona alivyotengenezwa," Malefa akasema. "Mtoto ni mtoto."

Akafunga kitambaa chake kichwani, akaenda kumwambia Mokete kwamba jina lisiguswe mpaka Makhotso apate majibu kutoka kwa daktari. Basi mtoto wa Tefo akakaa bila jina, wakawa wanamwita Mgeni. Ukoo mzima ukawa unasubiri damu ya mtu mmoja, na jambo hilo usimwombee hata adui yako.

Majibu yalikuja kwa simu akiwa kazini, vidole viko kwenye sufu nyekundu. Nesi aliongea taratibu, kwa upole wa mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi. Hakuna mimba. Pole sana, mama. Makhotso akashukuru, akamaliza mstari aliokuwa akiufuma, kisha akaenda chooni akalia mpaka akachoka. Jioni Lefa naye akalia, amekaa kwenye kidato cha lori lake, na Makhotso ndiye aliyembembeleza.

Kesho yake Mokete akaja kutoa pole. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

"Mwanangu, tusikate tamaa wakati Mungu ameshatupa," akasema. "Mtoto wa Tefo tutamwita Khotso. Na mama Khotso ni nani? Ni wewe, nchi nzima inajua. Atakuwa anakuja kukaa kwako. Akitaka kulala kwako, nani atamkataza? Jumapili tukimtoa nje utampakata wewe, mbele ya watu."

Sitamficha mtu: Makhotso alilitaka jambo hilo. Kutwa nzima alijiona akiitwa na akiitika, na safari hii mtoto yupo, ana miguu, anakuja mbio. Sindano basi, Bloemfontein basi. Tena hakuwa anamwibia mtu, alikuwa anapewa.

Jumamosi akaenda kumwona mtoto. Juu ya mlango wa Tefo walikuwa bado wamechomeka unyasi mrefu wa kuonya kwamba ndani kuna mzazi, na Makhotso akasimama nje akisitasita. Mwanamke aliyetoka kupoteza mimba haingii kwa mzazi. Lakini aliyepoteza yai ambalo halikushika kabisa? Hilo wazee hawakuliwekea sheria, maana wazee hawakuwa na friji. Mke wa Tefo akamwona, akamwambia aingie bwana, baridi inampiga mtoto.

Alikuwa binti mdogo tu, macho yamemvimba. Makhotso alidhani ni uchovu wa kunyonyesha. Akapewa mtoto, akashangaa alivyo mzito. Mtoto akapiga chafya, akakunja uso kwa hasira, akalala. Makhotso akampenda palepale, na mapenzi hayo yakamtisha.

Akauliza kama ameambiwa kuhusu kesho.

"Nimeambiwa, dada. Ni sawa. Wakubwa wakishasema..." Binti akachukua nepi iliyokwisha kukunjwa, akaikunja tena.

"Sema, mdogo wangu."

"Utanichukia."

"Sema tu."

"Mimi ni nani, dada?"

Makhotso hakumwelewa.

"Mimi ni Mathabang. Baba mdogo Mokete ndiye aliyenipa jina, siku ya harusi, mguu wa kondoo mkononi. Tangu siku hiyo naitwa mama Thabang. Tumbo lilipokuwa kubwa nilikuwa naongea naye: Thabang tulia, Thabang unaniumiza. Kesho akiitwa Khotso, kila anayekuita wewe atakuwa anamtaja mwanangu. Na mimi wakiniita, watakuwa wanamtaja nani?"

Jamani. Katika ukoo mzima hakuna aliyeliwaza hilo. Mokete alisahau jina alilolitoa kwa kinywa chake, na wengine wote, Makhotso akiwemo, walishughulika na jina moja mpaka la pili likawapotea. Yeye aliyejua uchungu wa kuitwa mama wa mtu asiyekuwepo alikuwa tayari kumwachia mwenzake uchungu uleule, ilhali mwenzake mtoto amemzaa kweli. Aliona aibu. Aliona na hasira pia. Alitaka kumwambia, wewe bado mdogo, utazaa wengine, na kwa kuwa ni kweli maneno yalifika mpaka kwenye meno. Akayameza. Akaomba ampakate kidogo tena, akaruhusiwa, akampakata mpaka mtoto alipoamka kutaka titi.

Jumapili watu wakajaa uani. Mokete alivaa blanketi lake la sherehe na kofia, akaagiza mtoto awekwe mikononi mwa Makhotso, akasafisha koo. Akaanza kusema kwamba leo kaka yake amerudi nyumbani.

"Samahani, baba mdogo," Makhotso akamkatiza. "Huyu ni Thabang. Ulimtaja mwenyewe siku ya harusi ya mama yake."

Mokete akageuka. Akamtazama mke wa Tefo, akatazama chini, na watu waliomfahamu wakaona kwamba amekumbuka. Mtu mmoja akacheka, Malefa akamnyamazisha kwa jicho.

"Na Khotso je?" Mokete akauliza, safari hii taratibu. "Kaka yangu nitamwambia nini?"

Makhotso alikuwa ameshafika alipokaa mke wa Tefo. Akamwekea mtoto mapajani, akamfunika vizuri, ndipo akageuka.

"Mwambie Khotso hajaja. Mimi ndiye mama yake. Angekuja, ningejua."