Sauti Isiyowahi Kusahihishwa

Jumanne ya pili ya Februari, saa tatu na dakika kumi asubuhi, wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka wa nne waliingia chumba namba 31 cha chuo cha muziki kilichoko mlimani, juu ya mji wa Duluth. Walikung'uta theluji viatuni, wakatoa vyombo vyao na kuvilinganisha sauti. Hakuna aliyekuja kwa kupenda. Somo la Muziki wa Majaribio lilikuwa la lazima, na wengi wao walikuwa wameliahirisha tangu mwaka wa kwanza, kama mtu anavyoahirisha kung'oa jino.

Mwalimu wao alikuwa Ragna Ostby, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, aliyekuwa mpiga zumari katika okestra kabla ya kuanza kutunga. Alikuwa amefundisha somo hilo miaka kumi na miwili na kusikia mizaha ileile kwa miaka kumi na miwili.

"Leo ni nini, Profesa?" aliuliza Desmond Achterberg, mpiga fidla mrefu aliyekaa karibu na dirisha. "Tunagonga mabakuli tena, au leo zamu ya mashine ya kufulia?"

"Leo mnapiga vyombo vyenu wenyewe."

"Afadhali. Mama akijua nilikuja huku kugonga mabakuli, ataniua."

Wenzake walicheka. Ragna alimpa kila mmoja karatasi. Haikuwa na nota hata moja. Katikati palikuwa na sentensi moja iliyopigwa chapa: *Piga sauti ambayo haijawahi kusahihishwa.*

Waliweka karatasi kwenye stendi, wakainua pinde zao, wakapiga. Hakuna kilichosikika. Pinde zilikwenda na kurudi, nyuzi zilitetemeka, vumbi la ulimbo unaopakwa kwenye pinde lilidondoka magotini kama kawaida. Mashavu ya mpiga tarumbeta yalivimba yakawa mekundu. Kilichosikika chumbani ni bomba la joto likigugumia chini ya dirisha, na huko barabarani gari la kukwangua theluji.

"Yangu haitoi sauti," alisema Desmond.

"Na yangu."

Waligeuza karatasi kifudifudi, vyombo vikalia. Walipozigeuza tena maandishi yakawa juu, vyombo vikanyamaza. Desmond alifanya hivyo mara tatu, kisha akakasirika, kama mtu ambaye gari lake limekataa kuwaka na kazini keshachelewa.

"Umekifanya nini chombo changu?"

"Sijakigusa. Jaribu sauti nyingine."

"Nimejaribu zote! Nimetoka chini mpaka juu."

"Basi zote zilishasahihishwa."

"Si ndiyo maana ya kusoma, Profesa? Tulikuja tusahihishwe."

"Jaribuni tena," alisema Ragna.

Kufikia mchana malalamiko matatu yalikuwa yamefika kwa mkuu wa chuo. Fundi wa vyombo aliitwa, akagonga fidla moja moja kwa kidole, akachungulia ndani kwa tochi, akaandika kwenye daftari lake kwamba vyombo havina kasoro, tatizo ni karatasi. Hapo suala la ukimya likawa limekwisha. Lililobaki ni suala la muda wa wanafunzi.

"Ragna, rafiki yangu," alisema Leopold Vasko mezani, wakati wa chakula. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alifundisha selo, ile fidla kubwa inayobanwa kati ya magoti. Watu walimpenda kwa upole wake. "Hawa watoto wana usaili wa okestra mwezi ujao. Wewe unawafundisha kunyamaza."

"Siwafundishi kunyamaza, Leopold. Ukimya wamekuja nao."

"Basi waache waondoke nao, wapate kazi."

Alifuta supu kwenye masharubu, akamsogezea mkate wa mwisho.

Jioni hiyo Ragna alifunga mlango wa ofisi yake, akaiweka karatasi mbele yake, akatoa zumari. Alipuliza kwa nguvu na kwa ulegevu. Alipuliza mwanzi wa mdomoni peke yake, ule unaolia kama bata. Hakuna kitu. Mwalimu wake wa zamani alikuwa amemsahihisha hata namna ya kuvuta pumzi. Alirudisha zumari sandukuni, akaanza kusahihisha insha za wanafunzi kwa kalamu nyekundu. Kwenye insha ya nne akaitazama ile kalamu mkononi mwake. Akaendelea nayo, kwa sababu insha zilitakiwa Alhamisi.

Wiki ya pili na ya tatu mambo yalikuwa yaleyale. Hapo Ragna akatangaza kuwa karatasi hiyo ndiyo mtihani wa mwisho, na asiyetoa sauti hatapita. Alijutia kauli hiyo kabla hajaimaliza, lakini alikuwa amechoka kuchekwa.

Aliyeumia zaidi ni Corinne Makela, mwanafunzi bora wa Vasko. Corinne hakuwa mtu wa mizaha. Alikaa mstari wa mbele, akaandika kila kitu, na tangu aanze shule hakuwahi kufeli hata jaribio la tahajia. Wenzake walipotoka, yeye alibaki.

"Profesa, niambie tu inafanywaje. Nitaifanya."

"Nikikuambia, itakuwa imeshasahihishwa."

"Sasa huo ni ualimu gani?"

"Sijui, Corinne. Kweli sijui."

"Mimi nina usaili baada ya wiki tatu! Nafanya mazoezi saa sita kwa siku, halafu nije hapa nisugue nyuzi kama bubu?" Alifunga mkoba wa selo kwa hasira, zipu ikamkwama, akaifungua, akaifunga tena taratibu.

Jumamosi alikwenda kwao, mji mdogo wa Cloquet. Mama yake, Aili, alikuwa akisuka mkate wa iliki jikoni, na unga ulikuwa umemfika viwikoni. Corinne alimweleza kila kitu.

"Haitoi kabisa?" mama aliuliza.

"Kabisa."

"Nipe hiyo siagi. Sasa wewe unatafuta nini, sauti ya kabla hujaanza masomo?"

"Niliwahi kupiga kabla ya masomo?"

"Hukumbuki? Ulikuwa na miaka mitatu. Selo ya kaka yako ilikuwa inalala pale sakafuni, na wewe unalala ubavuni mwake. Ulikuwa unakwaruza pale chini, kwenye vipande vifupi vya nyuzi ambapo hakuna mtu anayepapiga. Ukasema ni panya. Ulimpigia panya wako kila siku, mpaka baba yako akawa anahamia gereji."

"Halafu nikasahihishwa."

"Hapana. Mwalimu wako wa kwanza hakuwahi kumsikia huyo panya. Alipokuja, wewe mwenyewe ulikuwa umeshaanza kuona haya." Aili alipaka mkate yai, akautia ovenini. "Nilidhani umekua tu."

Jumanne iliyofuata Corinne alikaa mahali pake, akageuza upinde, akauweka chini kabisa, kwenye vile vipande vifupi vya nyuzi. Wengine walikuwa wakisugua kimya na kutazama saa. Akakwaruza.

Sauti ikatoka. Ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na haikuwa nzuri. Ilitoka kwenye selo, ikatua sakafuni, ikakimbia kando ya ukuta. Mpiga tarumbeta aliinua miguu ili ipite. Ikazunguka chini ya kiti cha Desmond mara mbili, ikasimama, ikaendelea mpaka chini ya bomba la joto, ikakaa pale ikilia kidogo kidogo. Corinne alikwaruza tena, ikatoka nyingine, ikaifuata ya kwanza. Alikuwa anacheka. Katika miaka minne hakuna aliyewahi kumwona anacheka akiwa ameshika upinde.

"Alaa," alisema Desmond, akainama kutazama. "Zimeingia humu." Hakufanya mzaha wowote.

Ragna alisimama palepale alipokuwa. Aliogopa hata kubadilisha mguu.

Chumba cha Vasko kilikuwa jirani, na milango yote miwili ilikuwa wazi kwa sababu ya joto la mabomba. Mzee alitokea mlangoni, mikono nyuma, kichwa upande, akasikiliza kwa makini. Alikuwa amemfundisha Corinne tangu akiwa na miaka kumi na minne.

"Corinne, binti yangu," alisema kwa sauti ya upole. "Kiwiko."

"Leopold, tafadhali," Ragna alisema. "Usimguse."

"Simgusi. Namsaidia tu." Alitembea mpaka mbele ya stendi. "Kiwiko kimelala. Unaubana upinde. Hata kama unataka kelele, kelele nayo ina namna yake. Kinyanyue, upana wa vidole viwili tu. Hapo. Sasa tena."

Corinne alinyanyua kiwiko vidole viwili, akapiga.

Upinde ulipita juu ya nyuzi bila sauti. Chini ya bomba la joto, zile zilizokuwa zikilia zikanyamaza, kwanza moja, halafu ya pili.

"Umeona?" alisema Vasko. "Safi sasa." Hakuwa anakejeli. Aliona mkono umenyooka na bega limelegea, akaridhika.

"Asante, Profesa," Corinne alisema.

Mzee alimpigapiga begani, akarudi chumbani kwake. Corinne alishusha kiwiko, akakwaruza tena palepale. Akajaribu mbele kidogo, akajaribu nyuma. Alijaribu mpaka kipindi kikaisha.

Ragna alimpa alama zote, kwa kuwa sauti ilikuwa imesikiwa na watu kumi na watatu. Corinne alizipokea kama mtu anayekabidhiwa mwavuli wa mtu mwingine. Walikutana tena kwenye korido, karibu na makabati.

"Nilimwambia asante," alisema Corinne.

"Nilisikia."

"Kwa nini nilimwambia asante?"

Ragna alitaka kumjibu sawasawa. Alikuwa amelifikiria swali hilo tangu akiwa na umri wa Corinne.

"Ulikuwa umechoka," alisema, na akajichukia.

Mwishoni mwa Machi Corinne alipita usaili, akapata kiti katika okestra moja ya jimbo jirani la Wisconsin. Mwezi wa Aprili kamati ya masomo ya chuo ilipiga kura, tisa kwa moja, somo la Muziki wa Majaribio likawa la hiari. Wengine wote Ragna aliwapitisha, maana hakuwa na moyo wa kuwafelisha kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliweza.

Matumizi ya karatasi yaligunduliwa na Desmond. Akiiweka kwenye stendi chumbani kwake, aliweza kufanya mazoezi alfajiri bila jirani kumgongea ukuta. Vidole vilifanya kazi yote na nyumba ikalala. Aliwatolea marafiki nakala. Hadi Septemba chuo kilikuwa kimeichapisha kwenye kadi ngumu yenye nembo, moja kwa kila chumba cha mazoezi, kwa sababu watu wa mtaa ule walikuwa wamelalamikia kelele kwa miaka mingi. Walimu waliisifu, wakasema makosa ya mkono yanaonekana vizuri zaidi sauti isipoingilia. Vasko aliomba mbili. Katika mkutano wa kufungua muhula, mkuu wa chuo alimshukuru Ragna kwa mchango wake, na watu wakapiga makofi.

Wiki ya kwanza ya muhula hakuna aliyejiandikisha katika somo lake. Ragna alipanda ghorofa ya pili kuhakikisha kama tangazo limebandikwa. Lilikuwapo. Korido ilikuwa na vyumba ishirini na viwili vya mazoezi, vyote vimejaa, na kila mlango ulikuwa na kioo kidogo. Nyuma ya kila kioo mtu alikuwa akipiga kwa bidii mbele ya kadi huku jasho likimtoka, na korido nzima ilikuwa kimya hadi Ragna akasikia viatu vyake mwenyewe.

Kwenye mlango wa saba alimwona Vasko ameinama kando ya msichana mgeni wa mwaka wa kwanza. Sauti ya mzee ilipenya mlango bila shida.

"Hapo, hapo. Sasa imekaa vizuri. Umeisikia?"

"Ndiyo, Profesa," alisema msichana, akaanza upya.